Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Fuwele za Kulia na za Kushoto

Ndugu wanachama,

Hamjambo nyote: mliotoka kisiwani, mliovuka feri kutoka Likoni, nanyi wa Kisauni na Changamwe. Habari za ada atazisoma mweka hazina. Mimi niseme tu kwamba chama hakidaiwi na mtu, kisha niingie katika kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu, yaani fuwele (chembe ngumu zenye umbo la mpangilio, kama za chumvi) za kikaboni zenye mkono, wa kulia au wa kushoto.

Molekuli nyingi za kikaboni huja kwa namna mbili, kama ndara ya kulia na ya kushoto: zimeundwa kwa vitu vilevile, ila moja haikai mahali pa mwenzake. Pua yenyewe hutambua. Karvoni, kampaundi yenye harufu, ya mkono mmoja hunukia mnanaa, ya mkono wa pili hunukia kisibiti. Kwenye dawa, mkono mmoja waweza kutibu na wa pili usifae kitu au ukadhuru, kwa hiyo kuitenganisha ni kazi ya lazima.

Kwenye semina ya Agosti tulirudia jaribio la mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur la 1848. Alikuza fuwele za chumvi ya asidi ya tartariki yenye sodiamu na amonia, akazichambua moja moja kwa kibano. Yakiyeyushwa, fungu moja lilizungusha mwanga kulia, la pili kushoto, yaani liligeuza uelekeo wa mtetemo wa mwanga uliopitishwa kwenye kichujio. Asidi hiyo twaijua sana, ndiyo ukali wa ukwaju wetu. Lakini ukwaju hutoa mkono mmoja tu, ikabidi tununue iliyochanganyika mikono yote miwili. Tatizo likawa joto. Chumvi hii hujigawa katika fuwele za kulia na za kushoto pale joto lisipozidi takriban nyuzi 27. Likizidi, mikono yote miwili hujifunga ndani ya fuwele moja, na hapo kibano hakina kazi. Mombasa hata Agosti mchana hugusa 28! Tukahamishia bakuli kwenye chumba chenye kiyoyozi, na walioshika lenzi wakauona ule uso mdogo uliokatwa mshazari pembeni mwa fuwele, huku umeelemea kulia, kule kushoto. Sijawahi kuona walimu wakigombea lenzi namna ile.

Baadhi yenu mliuliza kama elimu hii haijapitwa na wakati. Haijapitwa hata kidogo. Mwaka 2005 mtafiti wa Uhispania, Cristóbal Viedma, alisaga fuwele za kloreti ya sodiamu, aina ya chumvi, kwa shanga za kioo ndani ya mmumunyo wake, zikaishia zote mkono mmoja. Mwaka 2008 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, na wenzao wakalifanikisha jambo hilohilo kwa kampaundi iliyotokana na asidi amino (viungo vinavyojenga protini), ambayo molekuli zake hugeuka mkono zikiwa kwenye mmumunyo. Vipande vidogo huyeyuka, vikubwa hukua, na mkono uliotangulia kidogo humeza wa pili. Kikwazo ni kwamba michanganyiko inayojigawa hivi ni kama 5 hadi 10 tu katika 100.

Lililonivutia mimi zaidi ni la glaisini, asidi amino iliyo sahili kuliko zote. Molekuli yake haina mkono, ila fuwele yake ya aina ya beta inao. Mwaka 2018 watafiti wa Limerick, Ireland, walionyesha kwamba ikibanwa hutoa umeme kwa nguvu inayoishinda kwatzi, fuwele itumiwayo kwenye saa, mara nyingi.

Kamati inaomba idhini ya kununua vichujio vya mwanga vya kuazimana shuleni, ili wanafunzi waone sharubati ya sukari ikizungusha mwanga kwa macho yao. Karatasi za kura ziko kwa katibu.