Daraja la Koljonvirta mezani

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Umeniuliza upigano upi wa vita vya 1808 na 1809 kati ya Urusi na Uswidi unafaa mchezo wa vita wa sanamu ndogo kwenye meza ndogo. Upigano wa Oravais ni maarufu zaidi, lakini unataka sanamu nyingi mno. Chukua Koljonvirta, karibu na Iisalmi, Finland, tarehe 27 Oktoba 1808. Sandels, kamanda wa Uswidi, alikuwa na watu wapatao 1,800, wengi Wafini, ng'ambo ya kaskazini ya mkondo mwembamba. Tuchkov, jenerali wa Warusi, alikuja kutoka kusini na kama 6,000.

Kibao kimoja, yaani kipande chenye sanamu chache juu yake, kihesabu kuwa watu 100: Sandels vibao 18, Warusi 60. Usishtuke. Daraja ndilo linalosawazisha, maana mbao zake zilikuwa zimeng'olewa zikabaki boriti. Ruhusu vibao viwili tu kuvuka kila zamu, na kila kinachofika ng'ambo kihesabiwe kimevurugika hadi zamu inayofuata: hakipigi risasi, na kwenye mapigano ya singe (kisu cha mbele ya bunduki) kinapunguziwa mbili katika dadu. Ukiisahau kanuni hii, Warusi watashinda kwa wingi tu na mchezo utakwisha kabla chai haijapoa.

Meza ya sentimita 120 kwa 90 yatosha. Mkondo upite katikati kwa urefu, upana sentimita 8. Mahandaki ya Sandels yawe sentimita 10 kutoka ukingo wa kaskazini, na risasi za bunduki zifike sentimita 12. Wengi huyarudisha mahandaki nyuma ili mizinga ya Warusi isiyaone vizuri, lakini hapo Mrusi hupata uwanja wa kujipanga bila kuguswa. Weka vibao 10 handakini, na 8 nyuma ya msitu kwa siri, vikiandikwa kwenye karatasi tu.

Hao 8, akiba ya Sandels, ndio roho ya mchezo. Siku ile Warusi walivuka, wakateka ngome za mbele, kisha wakapigwa singe kabla hawajapanga safu, wakasukumwa hadi majini. Kwa hiyo anayeteka handaki naye avurugike zamu moja. Ukitoa akiba mapema, mizinga ya ng'ambo itaitwanga. Ukichelewa zamu mbili, adui amesimama sawasawa.

Mapatano ya kusitisha vita yalikuwa yanamalizika siku hiyo, na saa za Warusi zilitangulia za Wasweden. Kwa hiyo shambulio liliwajia Wasweden kabla ya saa waliyoitarajia. Ili kuonyesha hilo, tupa dadu kabla ya kuanza: 1 hadi 3, akiba ya Sandels haisogei zamu mbili za kwanza. Zamu 12 zatosha, kila moja ikihesabiwa dakika 20 za siku ile, kuanzia saa 6 mchana. Oktoba kule giza huwahi. Mrusi ashinde akibakiza vibao 6 visivyovurugika kaskazini.

Jenerali anayeongoza mbele apate hatari yake: Dolgorukov, jenerali wa Warusi, aliuawa palepale. Kila akiungana na kibao kinachopigana, dadu ikitoa 1 ameanguka, na vibao vilivyo karibu naye vinasimama zamu nzima.

Ukinunua sanamu, angalia kofia. Nyingi za Warusi ni za 1812, zenye kilele kilichobonyea. Mwaka 1808 hazikuwapo bado. Wafini wapake kijivu, Warusi kijani iliyokoza.

Anayecheza mara ya kwanza mpe Warusi. Sandels anahitaji mtu mwenye subira.

Wasalaam,
Rafiki yako