Mraba wa kilomita 50 hauoni mvua ya Kigoma

Ndugu Mhariri,

Maandiko ya miradi ya barabara, mitaro na madaraja siku hizi huambatishwa ramani za mvua za miaka ijayo, na pembeni ya ramani huwekwa kiwango cha mvua kubwa ya siku moja kwa milimita. Mhandisi akiichukua namba hiyo ilivyo na kuiingiza kwenye hesabu ya kalavati, hapa Kigoma atajenga kalavati dogo.

Nyingi ya ramani hizo zimetokana na modeli za tabianchi za kikanda, yaani programu za kompyuta zinazokokotoa hali ya hewa ya eneo, chini ya mpango wa kimataifa wa CORDEX, ulioanza 2009. Awamu ya kwanza iliigawa Afrika katika miraba ya takriban kilomita 50 kwa 50. Iliyofuata ikashuka hadi 25. Mraba wa kilomita 50 una kilomita za mraba 2,500, na wote unapewa namba moja ya mvua. Chukua wingu la radi linalomwaga milimita 80 kwenye kilomita za mraba 100, tuseme Mwanga, Ujiji na vilima vya nyuma, kwingine kukiwa kukavu. Yatawanye maji hayo kwenye mraba mzima: zinabaki milimita 3.2. Kwenye jedwali hayo ni manyunyu, wakati huku mtaani watu wanachota maji sebuleni kwa ndoo.

Kuna kosa jingine lililo ndani zaidi. Modeli ya miraba mikubwa haiwezi kuliumba wingu la radi lenyewe, hivyo hutumia kanuni ya kukadiria: hewa ya chini ikifikia joto na unyevu fulani, mvua inaruhusiwa kunyesha. Kanuni hizo zina haraka. Mvua huanza adhuhuri badala ya jioni, hunyesha siku nyingi mno na kidogo kidogo, na unyevu ambao ungejikusanya kwa dhoruba unaisha mapema. Ndiyo maana jumla ya msimu wetu wa Novemba hadi Aprili yaweza kukaribia ukweli huku siku za mvua kubwa zimekosewa vibaya. Ukionyeshwa grafu ya jumla za mwezi zinazolingana na vipimo vya vituo vya hali ya hewa, bado hujaonyeshwa lolote kuhusu mafuriko.

Halafu kuna ziwa. Tanganyika lina urefu unaozidi kilomita 650, lakini upana wake wa wastani ni kama kilomita 50, yaani safu moja ya miraba. Usiku milima hupoa, maji hubaki na nyuzi 25 au zaidi. Upepo hushuka kutoka upande wetu na kutoka upande wa Kongo, hukutana juu ya maji, na mawingu hupanda hadi radi kuanza kupiga. Wavuvi wa dagaa wanaijua vizuri saa hiyo. Safu moja ya miraba haina nafasi ya pepo mbili kukutana. Tena mtumiaji asipoweka joto la ziwa, baadhi ya programu hujaza pengo kwa joto la bahari iliyo karibu, na kwetu hiyo ni Bahari ya Hindi, kilomita 1,000 hivi kutoka hapa! Swali la kwanza kwa mtaalamu yeyote liwe: joto la ziwa mmelitoa wapi?

Hata saa huleta tatizo. Kipima mvua husomwa saa 3 asubuhi, ilhali siku ya modeli kwa kawaida huanza saa 9 usiku kwa saa zetu. Mvua ya kuanzia saa 8 usiku hadi saa 10 alfajiri ni tukio moja kituoni, lakini modeli huikata vipande viwili na kuvipa tarehe mbili.

Lililo baya kuliko yote ni kuchukua modeli kumi, kutafuta wastani wa mvua ya kila siku, kisha kusoma kilele cha wastani huo. Kila modeli inaweka dhoruba yake siku tofauti, kwa hiyo vilele vyote vinafutika. Kilele kitafutwe ndani ya kila modeli kwanza, ndipo zilinganishwe.

Sisemi modeli zitupwe. Hewa ikiongezeka joto nyuzi 1 hubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, na hilo zinalifahamu. Kutoka kwenye modeli tuchukue uwiano, tuache milimita: mvua kubwa ya baadaye igawanywe kwa mvua kubwa ya sasa ya modeli ileile, kisha jibu lizidishwe kwa vilele vya kila mwaka, yaani mvua ya siku iliyonyesha kuliko zote mwaka huo, vilivyopimwa kituoni, ikiwezekana vya miaka 30. Uwiano huo nao uchukuliwe kama kiwango cha chini, kwani modeli ya Afrika ya miraba ya kilomita 4.5, inayoumba mawingu ya radi bila kanuni ile, huonyesha mvua kali za saa chache zikiongezeka kuliko zinavyoonyesha modeli za miraba mikubwa.

Kinachotukwamisha ni vipimo vya muda mfupi. Bondeni penye hekta 50 za nyumba za bati, kwa mgawo wa mtiririko wa 0.6 (yaani asilimia 60 ya mvua hutiririka badala ya kuzama ardhini), mvua ya milimita 30 kwa saa huleta mita za ujazo 2.5 kwa sekunde. Ya milimita 80 huleta 6.7. Kipima mvua kinachosomwa mara moja kwa siku hakiwezi kuzitofautisha. Halmashauri zinazotenga fedha za makalavati zitenge pia za vipima mvua vinavyojirekodi kila dakika 15, kimoja ufukweni, kimoja mjini na kimoja juu ya vilima ambako Mto Luiche unapata maji yake.

Mtaalamu wa maji,
Kigoma