Kiangazi cha 1 Juni hakijafika Kibuye

Mhariri,

Mimi huuza chai na mandazi karibu na soko la Kibuye, mjini Kisumu. Gazeti lako nalinunua kila asubuhi, na si kwa ajili ya siasa wala mpira. Nalinunulia kile kisanduku kidogo cha ukurasa wa ndani kinachoeleza yaliyotokea tarehe kama ya leo. Mwaka wa nne huu nakisoma kwa sauti chai ikianza kupanda kwenye sufuria, vijana wa boda wakiwa wamezunguka jiko wakiota moto. Nikimaliza nawatupia swali moja. Anayejibu sawasawa anapata andazi la bure. Wakishindwa wote, andazi nalila mimi, mbele yao, polepole, na sijawahi kuona watu wakiangalia unga uliokaangwa kwa uchungu namna hiyo.

Sasa jana, 1 Juni, kisanduku chako kilianza hivi: leo ni siku ya kwanza ya kiangazi.

Nilisoma maneno hayo maji yakidondoka kutoka kwenye turubai hadi begani kwangu. Mvua ilikuwa imepiga tangu saa nane za usiku, ile inayoshuka na radi kutoka milima ya Nandi. Makaa yalikuwa mabichi, moto hautaki kushika, na pale stejini matope yalifika kwenye vifundo vya miguu. Kijana mmoja aliyetoka kumfikisha abiria kutoka Nyalenda alivua gambuti, akaligeuza, maji yakamwagika kama ya kutoka kwenye jagi. Akaniambia, "Mama, rudia hapo. Hicho kiangazi kimepitia barabara gani?"

Nilicheka, kisha nikaudhika kidogo. Kosa lako naona lilikotoka. Kwa wenzetu wa Ulaya na Marekani, watu wa hali ya hewa huihesabu miezi yao mitatu ya joto kuanzia 1 Juni. Wengine husubiri hadi 21 Juni hivi, siku ambayo mchana wao ni mrefu kuliko siku nyingine zote za mwaka. Aliyekuandalia kisanduku aliikuta habari hiyo, akaipa jina la kiangazi, akaenda zake. Lakini kiangazi kwetu ni Januari na Februari, ardhi ikipasuka na ng'ombe wakitembezwa mbali kutafuta maji. Wajaluo tunakiita oro. Juni ni mkia wa masika, tunayoyaita chwiri, na uwanda wa Kano ukiutazama wakati huu utaona mashamba yanang'aa kama bati. Nairobi nako ndiyo kwanza wanatoa majaketi sandukuni. Kwa hiyo neno ulilotumia ni la Kiswahili, lakini siku uliyoieleza ni ya watu wengine.

Nina mpwa wangu Uingereza, kazi yake ni kutunza wazee. Juni kama hii hunipigia simu ya video kwetu ikiwa saa tano za usiku, nimeshalala. Kwake ni saa tatu za usiku, na jua lingali ukutani nyuma yake! Mara ya kwanza nilidhani ananitania. Mchana wao mwezi huu unapita saa kumi na sita. Ndipo nikawaza kuhusu saa yetu ya Kiswahili, ambayo watoto wa shule siku hizi huiona ni usumbufu. Sisi tunahesabu saa tangu kunapokucha, na hesabu hiyo inafaa hapa kwa sababu jua letu halina vituko. Januari au Juni, mchana wa Kisumu ni saa kumi na mbili na dakika chache. Lakini mpe mtu wa London saa inayoanzia alfajiri. Kwa mwezi mmoja tu itamchanganya hadi akose kazi.

Hilo lilizua ubishi. Kijana mmoja akashikilia kwamba kwa kuwa mstari wa ikweta unapita hapo Maseno, jua la adhuhuri hapa huwa utosini mwaka mzima. Mimi nikamwambia hapana. Sijasoma sana, lakini nimekaa kwenye kibanda hiki muda wa kutosha kujua kwamba mwezi wa sita jua huniingilia kutoka upande wa kondeni, na mwezi wa kumi na mbili kutoka upande wa barabara, na kila mara inabidi nihamishe benchi la wateja. Hakuna aliyekubali.

Bahati nzuri kisanduku chako kilikuwa na kitu cha kutusaidia, ingawa nadhani hukukiweka kwa ajili hiyo. Kilisema kwamba 1 Juni 1831 Mwingereza James Clark Ross alifika kule kwenye barafu ya kaskazini mwa Kanada, mahali sindano ya dira inapoelekeza chini moja kwa moja, yaani kwenye ncha ya sumaku ya dunia. Yule wa gambuti akakumbuka kwamba simu yake ina dira. Tukasubiri. Mawingu yakafunguka mchana, na kama saa saba kasorobo, wakati jua letu liko juu kabisa (jua la Kisumu huchelewa kidogo kuliko saa za ukutani, maana tuko magharibi), tukasimamisha mti wa fagio kwenye ndoo ya mchanga. Kivuli kikalala kuelekea kusini, upande wa Dunga. Si kirefu, lakini kipo, na simu ikathibitisha. Jua lilikuwa kaskazini, upande wa Riat. Juni jua huwa kaskazini mwetu, Desemba liko kusini, na utosini hutupitia mara mbili tu kwa mwaka, Machi na Septemba. Aliyebisha alilipa chai ya watu sita. Huyo Ross hakujua kwamba safari yake ingemgharimu mtu wa Kibuye shilingi mia moja na ishirini.

Marilyn Monroe kuzaliwa 1926, na CNN kuanza kurusha habari 1980, tulipita mbio. Mmoja aliuliza kama huyo mama ana deni na mtu hapa.

Kilichonikera ni mstari wa mwisho kabisa, chini ya CNN, wenye maneno manne: Kenya yapata madaraka, 1963. Maneno manne, Mhariri, kwa siku tuliyoanza kujitawala mambo ya ndani, siku ambayo shule na benki zimefungwa kwa ajili yake! Tena ndiyo niliyowatolea swali: siku hiyo ya Juni 1963, Jomo Kenyatta alikuwa nani? Wakajibu kwa sauti moja, Rais. Andazi likawa langu. Alikuwa Waziri Mkuu. Rais hakuwepo. Gavana wa Malkia, Malcolm MacDonald, alikuwa bado yupo, na ulinzi na mambo ya nchi za nje yalibaki mikononi mwake. Jaramogi Oginga Odinga naye, ambaye hapa kila mtu humtaja kama Makamu wa Rais tangu kuumbwa kwa ulimwengu, siku hiyo aliingia kama Waziri wa Mambo ya Ndani, na Tom Mboya akapewa Sheria na Katiba. Uhuru wenyewe ulikuja 12 Desemba mwaka huohuo, na jamhuri, pamoja na rais, tarehe kama hiyo mwaka 1964.

"Kwa hiyo walipewa nyumba," akasema kijana mmoja aliyekuwa kimya asubuhi yote, "lakini ufunguo wa geti mwenyewe akabaki nao." Nilimkatia nusu andazi kwa hilo.

Nilipofunga kibanda nilimpigia mama yangu, aliye Seme, kando ya ziwa. Alikuwa msichana wa shule mwaka huo. Nikamuuliza anakumbuka nini kuhusu Madaraka ya kwanza. Akanyamaza, akasema hakumbuki bendera wala hotuba. Anakumbuka maji. Mvua za mwishoni mwa 1961 zilianza, na ziwa likapanda hadi 1964, zaidi ya mita mbili. Watu wengine huziita mvua za uhuru. Shamba la mihogo la nyanya yangu lilimezwa lote, na mama anasema walikuwa wakienda na mashua juu ya mahali walipokuwa wakipalilia. Ndiyo maana mwaka 2020 ziwa lilipopanda tena likaingia hadi kwenye vibanda vya samaki Dunga, vijana wakilia kwamba haijawahi kutokea, yeye alisema tu, "Limekumbuka njia yake." Nadhani kuna Wakenya wengi wa rika lake ambao ukiwauliza kuhusu 1 Juni 1963 watakupa jibu la maji, na hilo halijapata nafasi kwenye kisanduku chochote.

Sisi wa sasa Madaraka tunaikumbuka kwa mambo mengine. Mwaka 2021 sherehe zililetwa huku, uwanja mpya wa Mamboleo, mgeni akiwa Rais wa Burundi, barakoa zikiwa usoni. Barabara zilipigwa lami haraka hata mbwa wakashangaa. Na 2019, sherehe zikiwa Narok, gavana wa Benki Kuu alitangaza noti mpya, na zile elfu za zamani zikapewa hadi mwisho wa Septemba. Marehemu mama mkwe wangu hakuamini. Aliweka noti zake saba ndani ya chungu cha mbegu za mtama, akisema serikali haiwezi kukataa uso wa Kenyatta. Tulizipata Desemba, tulipotaka mbegu. Moja nimeibandika kibandani, ukutani, juu ya bei ya chapati.

Kuna tarehe siwaulizi vijana wangu. Ya 25 Oktoba 1969, siku Rais alipokuja kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ambayo hadi leo tunaiita Russia, na watu wakapigwa risasi njiani. Hiyo huisoma mtu mwenyewe, akinyamaza. Lakini kisanduku chako kila mwaka siku hiyo huniletea mambo ya mbali kabisa, na mimi nakunja gazeti mapema.

Basi ninachoomba si kikubwa. Mambo ya mbali usiyafute. Bila yule Ross tungekuwa bado tunabishana. Ila kabla hujaandika majira ya mwaka, tazama nje ya dirisha lako, au nipigie nikuambie kama turubai linavuja. Na ya kwetu yape zaidi ya maneno manne. Desemba ikifika, tarehe 20, andika kwamba siku hiyo mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika hapa ziwani, mahali walipopaita Port Florence. Ukitaka kuwatesa wasomaji, waulize ilifika nchi gani. Nimewahi kuwauliza vijana hilo. Wakasema Kenya, wakasema Afrika Mashariki ya Mwingereza, mmoja akasema Uhindi kwa sababu ya mafundi wa Kihindi walioijenga. Jibu ni Uganda. Huku kwetu kote, pamoja na Nakuru na Naivasha, kulihesabiwa kuwa upande wa Uganda hadi 1902, ndipo mpaka ukasogezwa. Swali hilo limeniletea mandazi mengi kuliko lolote, na kwa kulichapisha hapa najua nimejiharibia biashara.

Kesho ni 3 Juni. Nakisia kisanduku kitasema Muhammad Ali alifariki siku hiyo 2016, na vijana watatumia asubuhi nzima kurushiana ngumi za hewani karibu na sufuria yangu ya mafuta. Sawa. Lakini swali langu nimeshaliandaa, nalo ni la Namugongo, kule Uganda, walikochomwa Charles Lwanga na wenzake 1886 kwa ajili ya imani yao, kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda: je, mashahidi Wakatoliki waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964 walikuwa wangapi? Ni ishirini na wawili. Kuna katekista hunywa chai kwangu ambaye amewahi kutembea kwa miguu hadi huko kupitia Busia, na kidole cha mguu kilichong'oka ukucha bado hutuonyesha. Huyo nimemwambia mapema: chai atapata, kujibu haruhusiwi.

Nyar Seme,
Mama wa chai, Kibuye, Kisumu