Usinunue koili bado: barua kwa mdogo wangu

Kwako mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Baba, Mama na wote hapo nyumbani. Mimi huku ni mzima na kazi inaendelea vizuri.

Ama baada ya salamu, habari ya gari la Baba imenigusa sana. Injini ile ya silinda sita za mstari, yenye turbo, ya miaka ya 90, haitengenezwi tena, na zilizobaki nzima zinapungua kila mwaka. Umeniandikia kwamba inamisi, yaani kuna silinda isiyowaka zamu yake ikifika, na kwamba fundi amekushauri ununue koili sita (zile zinazozipa plagi umeme wa cheche), plagi sita na sensa ya hewa, vyote kwa mpigo mmoja. Nakuomba usinunue chochote kwanza. Katika gereji ninayofanyia kazi tunaletewa magari ya rika hilo mara kwa mara, na mengi hufika yakiwa yameshafungwa vifaa vipya huku ugonjwa ukiwa palepale. Mwenye gari amemaliza akiba yake, na sisi tunaanza upya kutafuta, tena kwa shida zaidi, kwa sababu haijulikani tena kipi kilikuwa kizima na kipi kilikuwa kibovu.

Ile sauti uliyorekodi kwenye bomba la ekzosi nimeisikiliza tena na tena. Pengo linakuja kwa mpangilio: mapigo matano, pengo, mapigo matano, pengo. Hilo limenifurahisha. Injini hii huwasha kila silinda mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, kwa hiyo pengo linalorudi kwa zamu yake linasema silinda moja imelala na nyingine tano zinafanya kazi. Mapengo yangekuwa yanaruka ovyo, ningeshuku kitu kinachozihudumia zote sita, kama pampu ya petroli, sensa inayosoma mzunguko, au umeme mkuu.

Lakini hukuniambia jambo kubwa kuliko yote: linamisi lini? Hapo ndipo penye nusu ya jibu, na ndipo mafundi wengi wanapopita haraka.

Ukisema linamisi likiwa limesimama tu, na ukikanyaga mafuta kidogo linatulia, macho yangu yataenda kwenye mipira ya hewa na gasketi za manifoldi, yale mabomba yanayogawa hewa kwa silinda. Ukisema linatulia vizuri likiwa limesimama, ila turbo ikianza kusukuma linakata na kupiga vishindo, nitaanza na cheche. Hewa inapobanwa zaidi ndani ya silinda, cheche huhitaji umeme wenye nguvu zaidi ili iruke kwenye mwanya wa plagi. Mwanafizikia Friedrich Paschen alilionyesha hilo mwaka 1889: nguvu inayotakiwa hutegemea shinikizo la gesi na upana wa mwanya. Ndiyo maana koili iliyochoka humudu kazi gari likisimama, ikashindwa mlimani. Na mwanya hupanuka wenyewe kadiri plagi inavyolika. Kiwanda kiliweka milimita 1.1 katika nyingi za injini hizi. Walioongeza msukumo wa turbo hubana hadi 0.8 hivi. Angalia kitabu cha gari, kisha pima kwa geji. Usikadirie kwa jicho.

Likimisi asubuhi tu kisha likapona, fikiria injekta (kinyunyizio cha petroli) inayodondosha petroli usiku, au maji ya rejeta yanayopenya silinda moja gari likilala. Angalia kama rejeta inapungua maji bila kuvuja nje. Likimisi baada ya kupata joto, fikiria koili iliyopasuka, au ile sensa ya mwanga inayosoma mzunguko, iliyo mbele kwenye kamshafti (mhimili unaofungua valvu), ambayo kwa umri huu huwa imepikwa na joto na mara nyingine imeingiwa na oili.

Kuna jambo moja linalowachanganya hata mafundi wazoefu, na nataka ulielewe vizuri. Gari la Baba hupima hewa kwa sensa iliyo mwanzoni kabisa, karibu na chujio. Tuseme mpira ulio baada ya throto, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta, umepata ufa. Gari likiwa limesimama linanguruma, manifoldi inavuta, kwa hiyo hewa inaingia kupitia ufa bila kuhesabiwa na petroli inakuwa pungufu. Turbo ikisukuma, ufa uleule unatoa nje hewa ambayo sensa ilikwisha kuihesabu. Komputa imemwaga petroli ya hewa ambayo haipo, na gari linatoa moshi mweusi na kujikwaa. Ufa ni mmoja, dalili ni mbili zinazopingana. Fundi akiona moshi mweusi atalaumu injekta, na akiliona gari likisimama atalaumu pampu. Hata sensa ya hewa inalaumiwa hapa bure, na nahisi ndiyo sababu ameiandika kwenye orodha yako. Ziba mdomo wa turbo, ingiza hewa ya kompresa kwa nguvu ndogo, paka maji ya sabuni kwenye maungio yote, utaona povu. Mipira ya umri huu imekuwa migumu, usitegemee kuipapasa tu.

Sasa tafuta silinda iliyolala. Njia ninayoipenda ni kipimajoto cha miale: washa injini ikiwa baridi kabisa, baada ya muda mfupi pima kila bomba la manifoldi ya ekzosi pale linapotoka kwenye hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda. Bomba lililobaki baridi kuliko wenzake ndilo la silinda mgonjwa. Huna kipimo hicho? Chomoa soketi za injekta moja baada ya nyingine huku injini inanguruma. Ukichomoa na mlio ukaharibika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa na kusiwe na tofauti, umeipata.

Chomoa injekta, usichomoe koili. Najua wengi huing'oa koili kutoka kwenye plagi kwa sababu ni rahisi kuifikia. Ukifanya hivyo petroli inaendelea kumwagika mbichi hadi kwenye ekzosi, na umeme wa koili, ambao ni maelfu kwa maelfu ya volti, ukikosa njia unaweza kuiua koili yenyewe au moduli inayoiendesha, au ukapitia mkononi mwako.

Ukishaijua silinda, hamisha kitu kimoja tu. Tuseme ni ya tatu: toa koili yake uipeleke kwenye ya sita, na ya sita uilete kwenye ya tatu, bila kugusa plagi. Ugonjwa ukihamia kwenye ya sita, basi nunua koili moja. Ukibaki kwenye ya tatu, rudisha koili, hamisha plagi. Halafu injekta, ambayo ni kazi kubwa zaidi, kwa hiyo kabla ya kuing'oa weka ncha ya bisibisi ndefu juu yake na mpini sikioni. Injekta nzima inagonga tik-tik-tik kama zile za jirani zake. Namba zianze kuhesabiwa mbele, upande wa mkanda wa taimingi, na mpangilio wa kuwaka uwe 1-5-3-6-2-4 kama ilivyo kwa injini nyingi za silinda sita za mstari.

Plagi zote sita zipange chini kwa namba zake na uzipige picha mchana, kwenye mwanga wa jua. Iliyolowa petroli ilinyimwa cheche. Yenye oili inauliza habari za ringi au sili za valvu. Nyeupe yenye malengelenge ilipata moto mwingi kupita kiasi, na hiyo nataka kuiona kabla ya kitu kingine chochote. Kagua pia kauri: mstari mwembamba mweusi unaoshuka kutoka juu hadi kwenye chuma unaonyesha cheche ilikuwa inapita nje, na mpira wa koili utakuwa na alama kama hiyo ndani.

Maadamu plagi zimetoka, pima kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa, siku hiyohiyo. Hapa usinibishie, mdogo wangu. Koili mpya haiwezi kuiwasha silinda yenye valvu iliyoungua. Injini iwe ya moto, plagi zote nje, umeme wa koili na wa injekta umekatwa, betri imejaa, na mtu akanyage mafuta hadi mwisho wakati wa kuizungusha. Kila silinda ipewe idadi sawa ya mapigo. Usihangaike sana na namba yenyewe, angalia usawa: silinda iliyo chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15 ina jambo. Itie kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi, na silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, kwa kawaida gasketi imeungua katikati yao.

Umeniuliza kama kuisoma komputa kutatosha. Kwa gari la umri huo, hapana. Marekani ililazimisha OBD-II, mfumo wa gari kujikagua na kuripoti hitilafu, kwa magari ya modeli ya 1996, na katika mfumo huo komputa hutambua silinda inayomisi kwa kutazama jinsi krenki inavyopungua kasi. La Baba ni la kabla ya hapo, linamwekesha taa tu ili uhesabu mimweko upate namba ya kosa, na mengi halioni. Hata sensa ya oksijeni inaweza kukupoteza. Silinda isipowaka, oksijeni yake yote inatoka nzima, sensa inaripoti kwamba petroli ni pungufu, na komputa inaongeza nyingine, huku petroli mbichi imejaa bomba zima.

Presha ya petroli ipimwe gari likitembea, si likiwa limesimama. Nyingi za injini hizi hutaka bar 3, na turbo ikisukuma bar 0.7, kipimo kisome karibu 3.7. Ikishuka badala ya kupanda, angalia chujio, kisha volti zinazoifikia pampu.

Na waya! Kuna gari lililetwa kwetu likiwa na koili, plagi na injekta mpya, silinda ya nne imelala. Kompresheni nzuri, cheche nzuri. Bisibisi sikioni, kimya. Waya wa injekta ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, karibu na soketi, mahali ambapo joto la miaka yote hiyo limeufanya ukauke. Kwa nje ulionekana mzima, ukiuvuta kidogo ulinyooka kama mpira. Zivute zote hivyo, taratibu, na usafishe waya za ethi kutoka hasi ya betri hadi kwenye injini na bodi.

Mwambie Baba, kwa heshima, asiliendeshe kwa sasa, hata safari fupi. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda, inashuka hadi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na inakwenda kuwaka ndani ya katalista, kile kisafisha moshi cha ekzosi, hadi masega yake yayeyuke. Chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, oili hiyo imwagwe kabla injini haijawashwa tena.

Nitumie namba sita za kompresheni, picha ya plagi sita, na jibu la linamisi lini. Kama ni koili nitakutumia moja kutoka huku, na kama ni valvu tutapanga pamoja na Baba namna ya kuifungua hedi.

Nikutakie kazi njema, na usimwache Mama bila salamu zangu.

Kaka yako akupendaye