Mto Zigi hauanzii bwawani Mabayani

Ndugu Mhariri,

Mimi si mtu wa kuandika magazetini. Gazeti lako nalinunua kwa ajili ya bei za mazao na, nisiseme uongo, kwa kufungia karafuu za rejareja. Ila ile habari yenu ya maji ya Tanga, iliyowaita wakulima wa Amani wavamizi na wauaji wa Mto Zigi, imenikaa kooni tangu niliposoma, na nimeona bora niiteme.

Kwanza picha. Chini ya picha mmeandika Mto Zigi. Ule si Zigi, ni Mkulumuzi, tena mmeupigia pale pale penye Mapango ya Amboni ambapo kila mtalii anapiga. Ni mito miwili. Hata Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, inayoisimamia yote pamoja na Umba, inaitaja kila mmoja kwa jina lake. Mtu anayekunywa maji ya mto kila asubuhi angalau aujue kwa sura.

Pili, kwa jinsi mlivyoandika, Zigi umezaliwa Mabayani siku lilipojengwa lile bwawa la maji ya Tanga miaka ya 1970. Sivyo. Unatoka Usambara Mashariki, huko Amani karibu mita 1,000 juu ya bahari, ambako mvua hunyesha hata miezi ambayo huku pwani tunatafuta wingu kwa tochi. Unateremka kwa kishindo kwenye mawe, unapokea Kihuhwi, unapita kwenye mitiki ya Longuza, unatulia ukifika tambarare ya Muheza, na baada ya bwawa unaambaa na mashamba ya mkonge hadi Amboni na baharini. Ni mto mfupi. Ukiuweka kando ya Pangani, wenye karibu kilomita 500, hauonekani. Lakini kwenye mabomba ya Tanga hauji Pangani, unakuja huu.

Sasa nikueleze kwa nini nimekasirika hasa. Mwaka huu wakati wa masika maji ya nyumbani kwangu yalitoka na rangi ya chai ya maziwa. Nikajaza chupa, nikaiacha dirishani, asubuhi tope limekaa chini unene wa kidole. Shati jeupe la shule la mjukuu wangu lilifuliwa likatoka la kaki. Nikachukua chupa, nikachukua na bili, nikaenda ofisini kwa wahusika, sitataja ofisi gani. Nimepanga foleni mpaka miguu imewaka moto. Kijana wa dirishani akaitazama chupa, akanisikiliza, akasikia Kisambaa changu kinachochungulia kwenye maneno, akaniuliza, “Mama, kwenu wapi?” Nikamwambia Amani. Akacheka, akawageukia wenzake: “Basi huyu ndiye mwenyewe! Waambie ndugu zako huko juu waache kulima, tope litaisha.” Foleni nzima ikacheka. Bili nikalipa, na tope nikarudi nalo. Siku chache baadaye ndiyo mkatoa habari yenu, maneno yale yale ya yule kijana, ila ninyi mmeyawekea kichwa cha habari chekundu. Hivi kweli, Mhariri, nani alianza kukata ule msitu wa Amani? Wajerumani waliingia na mashamba ya kahawa karne ya 19 haijaisha, kahawa ikawashinda. Mwaka 1902 wakajenga Amani taasisi yao ya utafiti wa mimea, wakapanda miti ya kwinini na kila mbegu waliyoweza kuibeba. Kuanzia 1904 kampuni yao ya mbao ikaanza kujenga reli nyembamba ya kilomita 23 hivi, kutoka Tengeni kwenye reli ya Usambara hadi Sigi, chini kabisa ya mlima, na kazi yake kubwa ilikuwa kushusha magogo. Nyumba ya mkuu wa stesheni ipo mpaka leo, ndiyo wageni wa hifadhi wanapokelewa pale. Baadaye yakaja mashamba makubwa ya chai, na miaka ya 1970 na 1980 zikaja mashine za magogo kwa msaada wa wafadhili wa Finland. Kelele zilipozidi wakaacha, na miaka ya 1990 wafadhili wa nchi hiyo hiyo wakarudi kutufundisha kuhifadhi msitu. Babu yangu alikuwa na panga moja. Kwenye habari yenu nimetafuta reli, nimetafuta Mfini, nimetafuta hata jani moja la chai, sikuona. Nimeona mkulima wa iliki tu.

Sisemi watu wa mlimani ni malaika. Iliki hupandwa chini ya kivuli cha msitu, na ardhi ikichoka watu hugeuza shamba kuwa la mahindi au miwa, udongo ukabaki wazi kwenye mteremko mkali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimba dhahabu nao walichimbua kingo za vijito huko Sakale. Hayo andikeni. Lakini andikeni pia kwamba Derema, huko huko mlimani, watu waliachishwa mashamba yao ya iliki ili misitu iungane, na kwamba wapo wakulima wa Kihuhwi na Zigi waliojiunga na umoja wao wa UWAMAKIZI kupanda miti na kuweka matuta. Mwandishi wenu alifika wapi? Kama alifika Muheza mjini akanywa soda akarudi, aseme.

Na ile sheria ya 2004, ya kutofanya shughuli ndani ya mita 60 kutoka mtoni, mbona mmeipima upande wa juu tu? Jani la mkonge linatoa nyuzi kama asilimia nne, kilichobaki ni majimaji na makapi, na kila mtu wa Tanga aliyezeeka anajua yalikuwa yanamwagwa wapi. Harufu yake mtu haisahau. Au mita 60 za mkulima ni ndefu kuliko mita 60 za mwenye shamba?

Halafu, kwa kuwa mmeyagusa mapango wenyewe, nalo hili nilitoe. Ukurasa ule ule mmerudia ile hadithi ya mbwa aliyeingia Amboni akatokea Kilimanjaro. Mapango yale ni ya chokaa, yamechongwa na maji, na yalipopimwa mwaka 1994 pango refu kuliko yote lilikuwa na mita 755. Mbwa huyo ana haki ya kulalamika. Wakati huohuo lile ua dogo la zambarau, saintpaulia, ambalo mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliokota huku Tanga akampelekea baba yake mbegu, leo linapamba madirisha ya Ulaya na Marekani, nalo asili yake ni miamba na misitu hii hii, na hamkuliandikia hata mstari. Wageni wanalijua ua letu, watoto wetu wanamjua mbwa.

Mwaka 2024 tuliimbiwa hatifungani ya kijani ya maji ya Tanga, yaani mkopo unaochangwa na wawekezaji kwa miradi ya mazingira, Sh53.12 bilioni, ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Vizuri sana, na mimi nilipiga makofi. Hapo ndipo mwandishi angefanya kazi: aulize shilingi ngapi kati ya hizo zinapanda mlimani kwa yule anayeambiwa asilime.

Ushauri wangu ni huu. Mpeni mwandishi huyo nauli ya basi la Amani kutoka Muheza, siku ya mvua. Akae upande wa dirisha, ashuke Sigi kwenye ile nyumba ya stesheni, apande kwa miguu mpaka aone chai inaanzia wapi na mahindi yanaanzia wapi. Abebe chupa tatu za lita moja na karatasi za kubandika. Moja ajaze ndani ya msitu, moja ajaze chini ya mashamba, makubwa na madogo, moja bwawani Mabayani. Akirudi aziweke juu ya meza yako, Mhariri, zilale usiku mmoja, asubuhi wewe mwenyewe upime tope kwa rula. Ya nne nitaileta mimi kutoka bombani kwangu, na sitadai nauli. Mkishapima, ndipo mchague kichwa cha habari.

Muuza viungo,
Ngamiani, Tanga