Kwotesheni, nukuu na eti

Ujiji, Kigoma

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo, ila mama yako anauliza lile blanketi mbona hulisemi kama limefika.

Nimecheka peke yangu karakana niliposoma kwamba bosi wako huko Tabora alikutuma kwotesheni ya viti, nawe ukadhani anataka misemo ya wahenga kuhusu kukaa. Usione haya, mama. Neno lenyewe lina vichwa viwili. Waingereza walilitoa kwenye Kilatini, kwenye kitenzi cha kutia namba: sura za vitabu zilitiwa namba ili mtu aonyeshe neno kalitoa wapi. Kutaja namba kukawa kutaja maneno yenyewe, na baadaye wafanyabiashara wakalichukua kwa kutaja bei. Sisi tukaugawa mzigo. Maneno tukayaita nukuu, au dondoo; bei ikabaki kwotesheni. Ofisini utakuta wameandika "nukuu ya bei", lakini kwa wauza mbao hapa sijamsikia hata mmoja akisema hivyo.

Ya bei nilijifunza kwa maumivu. Shule moja iliniomba kwotesheni ya madawati 40. Nikaandika vizuri, mbao, misumari, vanishi, ufundi, nikapiga muhuri. Nikasahau mstari mmoja: bei hii ni halali kwa siku ngapi. Wakanyamaza miezi minne, mbao zikapanda, ndipo mhasibu akaja na karatasi mkononi. "Fundi, si umesema mwenyewe?" Nilikuwa nimenukuliwa, mwanangu, na maneno yalikuwa yangu kweli. Nilitengeneza, nikala hasara. Kwa hiyo ukipokea kwotesheni, macho yaende kwanza kwenye tarehe, kisha kwenye usafiri na kodi ya VAT, kama vimo ndani au utavikuta mlangoni.

Ya maneno nayo, hapa kwetu ndipo mahali pake. Hapo kwenye mnara wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi aliyekuwa hajulikani alipo hadi mwandishi wa gazeti Stanley alipomkuta hapa, wageni hupiga picha kwa sababu ya sentensi moja ya Stanley: "Dk. Livingstone, nadhani?" Stanley alifika Novemba 1871, na mwaka uliofuata akaitia sentensi hiyo kitabuni. Lakini kurasa za shajara yake za siku ile zilichanwa. Livingstone naye katika shajara yake anamsimulia Susi, mtumishi wake, akija mbio kusema kamwona Mwingereza. Maneno yale maarufu hayataji. Huenda yalisemwa, huenda Stanley aliyapika baadaye yakanoga. Na hilo "nadhani" nililoandika ni Kiswahili changu, midomoni mwake halikutoka. Ndiyo maana mwalimu wako wa zamani alikukata alama: ukifungua semi na kufunga semi, kilichomo ndani kiwe neno kwa neno. Kama umekumbuka maana tu, toa alama hizo, uandike kauli taarifa.

Mimi navutiwa zaidi na namna Kiswahili kinavyonukuu bila alama yoyote. "Kwamba" limetoka kwenye kitenzi cha kale, kuamba, maana yake kusema. Ukisema "alisema kwamba" umesema mara mbili. Halafu kuna "eti", ambalo hakuna alama ya kunukuu inayolifikia. "Anaumwa" ni habari. "Eti anaumwa" ni habari yenye jicho la pembeni: maneno ni yake, mimi simo. Bibi yako alikuwa akilivuta hilo eti mpaka mtu anaona aibu kabla hajatajwa jina. Wahenga nao tunawanukuu kila siku, wala hakuna anayetuuliza ni mhenga yupi.

Bosi akikuagiza ukusanye kwotesheni tatu za viti, ya kwangu isiwemo, hata kama ndiyo ya chini kuliko zote. Watasema eti mtoto kampa baba yake kazi, na hilo litafika Ujiji kabla ya treni.

Jibu la blanketi usisahau.

Baba yako