Kikopo kisichotaja kilichomo

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako nizungumzie unga wa "kuongeza homoni za kiume" unaouzwa hapa Mombasa, kuanzia vibanda vya Mwembe Tayari hadi Kongowea, na siku hizi hata kwa simu.

Mwezi uliopita kaka yangu, mwenye umri wa miaka 54 na anayetumia vidonge vya nitreti kwa maumivu ya moyo, alianguka msalani alfajiri baada ya kunywa unga huo kwa siku tatu. Hospitalini daktari aliuliza amekunywa nini, nami nikamkabidhi kikopo. Kilikuwa na picha ya simba na maneno "asili asilimia 100", lakini hakikutaja mmea hata mmoja, wala kiasi, wala tarehe ya mwisho wa kutumika. Daktari alikigeuzageuza, kisha akakiweka mezani kimya.

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imeonya mara nyingi kuhusu bidhaa zinazoitwa za asili ambazo, zilipopimwa, zilikutwa zimetiwa kwa siri sildenafili, dawa ya nguvu za kiume iliyomo kwenye Viagra. Na sildenafili ikikutana na nitreti, presha huweza kushuka ghafla hadi mtu akapoteza maisha.

Mitishamba siibezi, kwani nimelelewa na nyanya aliyewanywesha wanawake waliojifungua uwatu. Hata hivyo uwatu huohuo hushusha sukari mwilini, na anayetumia dawa za kisukari hana budi kumwarifu daktari wake. Mbigili, ile miiba inayotuchoma nyayo, huuzwa kama kiongeza testosteroni, homoni kuu ya kiume, ilhali majaribio kwa wanaume wenye afya hayajaonyesha kwamba huipandisha. Ashwagandha, mmea wa dawa za asili za India, imeonyesha ongezeko dogo katika baadhi ya majaribio, lakini pia imehusishwa na madhara ya ini, na Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023.

Linaloniuma zaidi ni kwamba wanaume wengi wanaolalamikia nguvu za kiume hawana upungufu wa homoni kabisa; mishipa yao ya damu imeharibiwa na kisukari au presha, na kila mwezi wanaoumaliza kwenye unga ni mwezi ambao ugonjwa wenyewe unaendelea bila kutibiwa. Testosteroni hupimwa kwa damu iliyotolewa asubuhi, inapokuwa juu, na kipimo hurudiwa siku nyingine kabla ya mtu kuambiwa kwamba amepungukiwa. Mchuuzi aliyemuuzia kaka yangu alimtazama tu usoni.

Ninaiomba Bodi ya Famasia na Sumu, pamoja na idara ya afya ya kaunti, wapite vibandani, wachukue sampuli, wazipime, na kuzuia uuzaji wa kikopo chochote kisichotaja kilichomo. Kile cha kaka yangu bado ninacho, kimebaki nusu, na niko tayari kumkabidhi mkaguzi yeyote atakayekihitaji.

Msomaji wako,
Majengo, Mombasa